Giza la Kipupwe

Msomaji mpenzi, kama umezaliwa Mombasa au Lamu, neno kipupwe hukuletea raha moyoni. Kwako wewe, kipupwe ni ile miezi ya Juni, Julai na Agosti, joto linapopungua, upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini, na mtu akalala usiku pasipo kujipepea. Lakini upepo huo uupendao haukomi pwani. Husafiri kuja bara ukiwa umebeba unyevu wa bahari, ukapanda nyanda za juu, ukapoa, ukawa mawingu mazito; na mawingu hayo hulifunika jua juu yetu majuma mengi mfululizo. Sisi tuliozaliwa Kinangop, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Nyandarua, tunakijua kipupwe kwa sura nyingine. Kwetu ni ukungu asubuhi, manyunyu mchana, na usiku ni baridi ambayo hushuka chini ya nyuzi 10 na kuingia mifupani. Hatuna theluji kama nchi za Ulaya, walakini hatuna pia nyumba zenye vyombo vya kupashia joto kama zao.

Nataka kukusimulia habari ya siku tatu za kipupwe cha mwaka 2023, umeme ulipokatika nyumbani kwetu. Habari yenyewe haina ushujaa wangu ndani yake. Ingekuwa ni hiari yangu tu, ningeisitiri, maana mwalimu hupenda kusimulia yale aliyoyaweza kuliko yale yaliyomshinda. Lakini nimeona ya kuwa kosa lililosimuliwa huweza kumfaa mtu mwingine, na kosa lililofichwa halimfai hata mwenyewe.

Nyumba yetu ni ya mawe na mabati. Marehemu baba aliijenga kidogo kidogo kwa fedha za viazi na maziwa. Aliipiga dari ya mbao, akaitia madirisha ya vyuma na vioo, na kila ufa akauziba kwa mkono wake mwenyewe, akisema kwamba watoto wake hawatalala penye upepo kama alivyolala yeye utotoni. Nyuma ya nyumba alikiacha kibanda cha zamani cha mbao. Humo nyanya, yaani mama yake baba, alipika kwa kuni juu ya mafiga matatu, na moshi ukajitafutia njia katika nyufa za mbao na kwenda zake.

Nguzo za umeme zilifika kijijini kwetu mwaka 2016. Naikumbuka vema jioni ile taa ya sebuleni ilipowaka mara ya kwanza. Nyanya aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa usiku utaingilia wapi?" Sote tulicheka, naye akacheka pamoja nasi.

Umeme ulikuja kwetu kama mgeni. Kabla ya mwaka kwisha ulikuwa mwenyeji, na kabla ya miaka mitatu ulikuwa bwana wa nyumba. Taa ya chemni, ambayo mimi na ndugu zangu tulisomea mpaka tukapita mitihani, aliuziwa mchuuzi wa vyuma vikuukuu. Koroboi zilitupwa. Kibanda cha nyanya kiligeuzwa ghala la chakula cha mifugo. Maji ya chai yalichemshwa kwa birika la umeme, nguo zilipigwa pasi ya umeme, na simu ya kila mtu ilikuwa na kamba yake ukutani. Hatukuona ubaya katika hayo, nami siuoni hata leo. Umeme ni neema kubwa. Ubaya ulikuwa kwamba tulipoipokea neema mpya, tulitupa kila kitu kilichotusaidia kabla yake, kana kwamba neema hiyo ilikuwa imetuapia kiapo cha kutotuacha.

Ukienda magharibi hadi ukingo wa uwanda wetu, utaliona Ziwa Naivasha limelala bondeni. Kusini mwa ziwa hilo kuna Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Umeme mwingine wa nchi hii hutoka katika mabwawa ya Mto Tana. Kutoka huko hata kufika katika taa ya sebule yetu ni safari ndefu ya nyaya na nguzo, na safari ndefu haikosi mahali pa kukatikia.

Aliyeutegemea umeme kuliko sote alikuwa mama. Baada ya baba kufariki, alianza kazi ya kulea vifaranga. Huwanunua wakiwa wa siku moja, huwalea mpaka wakapata manyoya, kisha huwauza kwa majirani. Kwa biashara hiyo alimlipia karo mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa chuoni akisomea uuguzi. Labda hujui, msomaji, jinsi kifaranga alivyo mnyonge. Katika juma lake la kwanza huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35. Kifaranga mwenye mama hulipata chini ya mbawa. Kifaranga asiye na mama hulipata chini ya taa. Siku ninayoisimulia, mama alikuwa na vifaranga 150, wenye umri wa siku tano.

Nilifika nyumbani siku ya Alhamisi, mwishoni mwa Juni, kwa mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Nilikuwa pamoja na mke wangu na binti yetu wa miaka minne. Jioni ile upepo ulivuma kwa nguvu pamoja na mvua. Yapata saa moja usiku tulisikia mshindo mbali, ng'ambo ya bonde. Taa ikapepesa mara mbili kama mtu anayesinzia, kisha ikazimika. Mkaratusi mkubwa ulikuwa umeangukia nyaya na kuangusha nguzo mbili pamoja nazo.

Mwanzoni tulifanya mzaha, kama wafanyavyo watu wote wanaodhani giza litadumu dakika kumi tu. Nilimulika kwa simu, nikatafuta mshumaa katika kila sanduku, na nilipokuwa nikitafuta mshumaa nikaimaliza nguvu ya simu. Nilijigonga goti kwenye meza ambayo nimeipita maisha yangu yote. Nyanya pekee ndiye aliyetembea gizani pasipo kujigonga. Yeye alikuwa amejifunza nyumba kwa miguu, sisi tulijifunza kwa macho.

Mzaha uliisha tuliposikia vifaranga. Kifaranga aliyepata joto hulia kwa sauti ndogo ya kuridhika; kifaranga mwenye baridi hulia kwa sauti kali isiyokoma. Tuliwahamisha kutoka bandani, tukawatia katika maboksi, tukawaleta sebuleni. Kisha mama akawasha jiko la makaa uani, na makaa yalipokolea tukaliingiza ndani na kuliweka katikati ya maboksi.

Hapo nyanya alifika, akasimama mlangoni na fimbo yake. Nyanya huniita "mume wangu" kwa utani, kwa kuwa nilipewa jina la babu, kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu. Alisema, "Mume wangu, mkilala na makaa, dirisha lilale wazi."

Nikamwambia, "Nyanya, tukifungua dirisha joto lote litatoka."

Akanijibu, "Nyumba zetu za zamani zilikuwa na moto katikati usiku kucha, na hatukufa, kwa sababu zilipumua. Nyumba hii ya baba yako imezibwa mdomo na pua. Tena moshi wa kuni ni mkali, lakini ni mkweli: hukuwasha macho ukatoka nje. Makaa hayasemi neno."

Nilitabasamu kama wanavyotabasamu watu waliosoma mbele ya wazee, nikafungua dirisha kwa kumridhisha. Tulikesha usiku ule katika baridi. Asubuhi tulikuta vifaranga 6 wamekufa. Mama aliwaokota mmoja mmoja, akawazika nyuma ya kibanda, wala hakusema lolote.

Siku ya Ijumaa ilikuwa ya kungoja. Tuliambiwa kwa simu ya jirani kwamba mafundi watakuja, na pengine kweli walikuwa njiani. Lakini barabara zetu wakati wa manyunyu ni utelezi mtupu. Ukungu haukuondoka kutwa nzima. Binti yangu alianza kukohoa. Mama aliwahesabu vifaranga kila saa, na kila alipowahesabu alihesabu pia karo ya muhula ujao. Jioni ilipofika, niliona machoni mwake kitu ambacho sikukiona tangu siku tulipomzika baba, nikaapa moyoni mwangu ya kuwa usiku huo hakuna kifaranga atakayekufa kwa baridi.

Sasa nimefika mahali pagumu katika habari yangu, nami naomba unisikilize kwa makini.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Kila mwaka huwafundisha wanafunzi wa kidato cha pili somo la kaboni na viungo vyake. Kila mwaka huandika ubaoni kwamba makaa yakiungua penye hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Kwamba gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi. Kwamba ikivutwa hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu akakosa hewa ilhali anapumua. Nimewasahihisha kwa kalamu nyekundu wanafunzi walioandika kwamba kinachoua ni moshi. Somo hilo ningeweza kulisema usingizini.

Basi usiku ule sikuwa nimelisahau. Usinihurumie kwa kudhani kwamba nilisahau. Nililikumbuka, nikalipima, kisha nikajipa ruhusa. Nilijiambia kwamba sebule yetu ni kubwa. Nilijiambia kwamba makaa yenyewe ni machache. Nilijiambia kwamba ni usiku mmoja tu, na kwamba mtoto anakohoa, na mama amechoka. Nyanya alipokwisha kwenda chumbani kwake, nililifunga dirisha. Niliona upepo unapenya chini ya mlango, nikauziba kwa gunia. Kisha nikayafunika makaa kwa majivu ili yadumu mpaka asubuhi, jambo ambalo huyapunguzia hewa na kuiongeza ile gesi. Kila nilichokifanya kilikuwa kinyume cha kila nilichokifundisha, nami nilikifanya kwa utaratibu na kwa upendo.

Chumba kikapata joto. Vifaranga wakatulia. Mke wangu na mtoto wakalala juu ya godoro karibu na maboksi, nami nikajilaza kando yao, nikajiona baba mwema na mwana mwema.

Nyanya ana desturi ya kuamka kila usiku yapata saa nane kwenda msalani, na msala wetu uko uani. Usiku ule aliamka kama desturi, akafungua mlango wa chumba chake, akaanza kuipita sebule. Baadaye alituambia kwamba alishtushwa na kimya. Vifaranga 144 hawanyamazi wote kwa pamoja, hata wakilala. Daima kuna mmoja anayeota. Alisimama gizani akasikiliza. Hakusikia hata mmoja. Alikwenda mlangoni, mguu wake ukakanyaga gunia, akafahamu yote kwa mara moja.

Mimi nilisikia mlango ukigongwa ukuta, na baridi ikiniingia usoni. Nilisikia sauti ikiita, "Mwalimu! Mwalimu! Inuka!" Hakuniita mume wake usiku ule. Nilijaribu kuinuka, na miguu yangu ikawa ya mtu mwingine. Kichwa kiliuma kana kwamba kimefungwa kwa waya. Niliona aibu ya kutoweza kusimama, maana hata wakati ule sikuelewa bado, nilidhani nimechoka. Nyanya, mwenye umri wa miaka zaidi ya themanini, ndiye aliyemshika mke wangu mabegani na kumburuta hadi kizingitini. Mama alitoka chumbani kwake, akamnyakua mtoto.

Mtoto hakuamka. Alining'inia mikononi mwa mama kama nguo iliyolowa maji.

Nilitambaa nje kwa magoti. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mama alipiga yowe, lile yowe ambalo kijijini kwetu hakuna anayeuliza sababu yake kabla ya kuja. Jirani wetu wa karibu, mzee mwenye pikapu ya kubebea viazi, aliruka ua akiwa hana viatu. Wakati alipokuwa akiliwasha gari lake, mtoto alitapika, kisha akalia. Nimesikia nyimbo nyingi na sauti nyingi nzuri katika maisha yangu, lakini sijasikia sauti iliyokuwa nzuri kama kilio kile.

Safari ya hospitali ilituchukua karibu dakika arubaini. Tulipandishwa sote watatu, tukavikwa oksijeni puani, kwa maana hiyo ndiyo dawa yake: hewa safi kwanza, kisha oksijeni mpaka damu ijisafishe. Daktari alikuwa kijana kuliko mimi. Aliniuliza tulichokifanya, nikamweleza. Alisema kwamba kipupwe hakipiti pasipo watu kuletwa kwa sababu hiyo, na kwamba wengine huletwa wakiwa wamechelewa. Kisha akaniuliza kwa upole, "Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni mwalimu," nikasema.

"Wa somo gani?"

Nilikaa kimya kwa muda. "Kemia," nikasema.

Hakunijibu. Aliandika kitu katika karatasi yake, akaenda kumtazama mtoto. Nimewahi kukemewa na wakuu wa shule, na nimewahi kukosolewa mbele ya watu, lakini hakuna karipio lililonifika kama ule ukimya.

Tuliruhusiwa kurudi nyumbani Jumamosi alasiri, na umeme ulikuwa haujarudi. Vifaranga 58 walikuwa wamekufa usiku ule. Kifaranga ana mwili mdogo na pumzi za haraka, kwa hiyo sumu ya hewa humfikia kabla ya mtu. Kwa sababu hii wachimbaji wa makaa ya mawe huko Uingereza walikuwa wakichukua ndege wadogo kwenda nao chini ya ardhi, desturi iliyodumu mpaka mwaka 1986. Ndege akianguka, watu walijua wakimbie. Vifaranga wa mama walitufanyia kazi hiyo pasipo kuajiriwa, wakatulipia uhai wetu.

Nilimwomba mama msamaha. Aliniambia, "Nilikuwa nahesabu vifaranga, nawe ukanisaidia kuhesabu. Sasa tumejua cha kuhesabu kwanza." Hakuongeza neno jingine, wala hajalirudia tangu siku ile.

Walikuwa wamebaki vifaranga 86, na usiku wa tatu ulikuwa unaingia. Safari hii sikutoa shauri, nilitii. Nyanya alituamuru tutoe magunia yote ya chakula cha mifugo katika kibanda chake cha zamani. Alipanga mafiga yake matatu mahali pake pa zamani, akawasha kuni, na moshi ukazikumbuka nyufa zake. Tulichemsha maji katika sufuria kubwa, tukayatia katika mitungi ya plastiki ya lita tano, tukaikaza vifuniko, tukaifunga kwa magunia, tukaiweka ndani ya maboksi ya vifaranga. Wale vifaranga waliizunguka mitungi kama wanavyomzunguka mama yao. Kila baada ya saa tatu tulibadilisha maji. Sisi wenyewe tulilala chumba kimoja, tumejifunika mablanketi yote ya nyumba, kila mtu akimpa mwenzake joto la mwili wake, na jiko halikuvuka kizingiti. Jirani alituletea taa yake moja ya jua, akabaki na nyingine. Tulikunywa uji kibandani, nyanya akamsimulia mtoto hadithi za fisi, na mtoto akacheka.

Usiku ule kifaranga mmoja tu alikufa. Nami nilijiuliza swali ambalo ningependa nawe ujiulize: mbona hatukufanya hivyo tangu usiku wa kwanza? Maji yalikuwapo, kuni zilikuwapo, mitungi ilikuwapo, na nyanya alikuwapo. Kilichokosekana ni unyenyekevu. Nilikuwa nimekiona kile kibanda kama jambo tulilolivuka, na kukirudia ni kurudi nyuma. Mwenye akili hatupi ngazi kwa sababu amekwisha kupanda darini. Ipo siku atataka kushuka.

Umeme ulirudi Jumapili alasiri, nilipokuwa nikifunga mzigo wangu wa safari. Taa iliwaka mchana kweupe, redio ikaanza kusema katikati ya sentensi. Siku nyingine tungalishangilia. Siku ile mama aliinua macho akaitazama taa, akasema, "Karibu," kama mtu anavyomkaribisha mgeni ambaye amemjua tabia zake.

Juma lililofuata nilisimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili. Niliandika ubaoni yale yale niliyoyaandika kila mwaka, kisha nikaweka chaki chini, nikawasimulia. Niliwaambia dalili zake, na wewe pia nakuambia: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, na usingizi mzito usio wa kawaida. Ukiona watu zaidi ya mmoja chumbani wameshikwa na hayo penye moto, usitafute dawa ya kichwa. Fungua mlango, watoe nje, kisha uite msaada. Na jiko la makaa lisilale ndani pamoja na watu, hata yakiwa makaa machache, hata kwa usiku mmoja tu.

Mvulana mmoja wa nyuma aliinua mkono. Aliuliza, "Mwalimu, kama ulikuwa unajua, kwa nini ulifanya?"

Darasa likanyamaza. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilifundishwa namna ya kujibu maswali ya wanafunzi, lakini swali hilo halikuwamo katika mafunzo. Nilimjibu kwamba kujua ni kazi ya kichwa, na kutii yale unayoyajua ni kazi ya mtu mzima, na kazi hizo mbili si moja. Nilimwambia kwamba watu wengi hawaangamii kwa kuikosa sheria. Huangamia kwa kudhani ya kuwa sheria imewekwa kwa ajili ya wengine, na kwamba wao, kwa usiku mmoja tu na kwa sababu njema, wanaweza kuipita kando. Sina hakika kama aliridhika. Mimi mwenyewe bado naendelea kulijibu swali lake.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Zamani nilidhani methali hiyo inawahusu watoto watundu. Sasa najua kwamba yamhusu pia mtu mwenye cheti, anayemsikia mkuu wake, akamjibu kwa tabasamu.

Ukija kwetu leo utaikuta taa ya chemni imetundikwa kwenye msumari karibu na mlango, imejazwa mafuta. Utayakuta mafiga matatu kibandani, na kuni kavu zimepangwa ukutani. Utazikuta pia taa za umeme zinawaka vizuri, maana hatukugombana nazo. Lakini ukitazama dirisha la sebuleni, utaona kwamba kioo kimoja cha juu hakipo. Nyanya alimwita fundi akakiondoa, akaweka wavu mahali pake, na akakataza mtu yeyote kuuziba. Kipupwe kikifika, upepo wa Nyandarua hupita hapo usiku kucha, ukatupiga masikioni. Tunavuta blanketi, wala hakuna anayelalamika.